MC WA NAMBA C ANATAKA KUUZA MUZIKI ANUNUE GTI MPYA, MACHAWA WANAPIGA MAKOFI

Kuna MC mmoja wa hapa Dar, jina kapuni. Kama unahudhuria sendofu mbili tatu kwa mwaka kuanzia Sinza mpaka Mbezi Beach, lazima umeshamsikia. Sauti anayo, suti anazijua, na kamati za harusi zinamgombania. Anaendesha Golf GTI ya mwaka 2006, nyeusi, namba C. Wiki mbili zilizopita kuna mtu alimrekodi anatoka ukumbini usiku, anafungua mlango wa gari, anaondoka zake. Klipu ya sekunde 11. Juu yake pameandikwa: "MC wa mamilioni, gari namba C."

Kosa lake ni hilo tu. Hakutukana mtu, hakula hela ya kamati. Ana gari ya zamani, basi.

Tangu siku hiyo simu yake haijapumzika. Dalali mmoja amemletea GTI ya mwaka 2014, nyekundu, namba E, bei milioni 29. Ile ya kwake wanaitaka kwa milioni 11. Tofauti ni milioni 18. Mkononi anazo 8. Zile 10 zilizobaki anataka kuzipata kwa kuuza muziki wake: spika, mikisa, maiki, taa, jenereta, vyote viende.

Na mjini watu wanamwambia "fanya fasta kaka, usichelewe".

Hapana. Asifanye fasta. Asifanye kabisa. Na wanaomsukuma waambiwe ukweli hata kama unauma.

NAMBA E SIYO UMRI WA GARI

Tuanze na huu ugonjwa wa herufi. Bongo mtu hakuulizi gari yako inatembeaje, anakuuliza namba gani. Namba B unaonekana mzee, namba C umechoka, namba D unajitahidi, namba E ndiyo umetoboa. Watu wanaachana kwa sababu ya herufi moja kwenye bati.

Lakini ile herufi inasema kitu kimoja tu: gari imesajiliwa lini hapa nchini. Haisemi ilitengenezwa lini. Golf ya 2005 ikishushwa leo bandarini na kulipiwa ushuru inapewa namba E kama kawaida. Na kuna gari za namba C zilizoingia hapa zikiwa bado changa, mpaka leo zina afya kuliko hiyo E iliyozeekea Japani ikaja kumalizia uzee Kimara.

Na hiyo "mpya" yenyewe ni ya 2014. Hesabu vizuri. Imeshavuka miaka 10. Hata ukienda kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, ambapo kila mtu anaweza kuingia na kuangalia kodi ya gari kabla ya kuagiza, utaona gari ikipita miaka 8 inaanza kubebeshwa ushuru wa uchakavu, na ikivuka 10 mzigo unazidi. Serikali yenyewe inaiita chakavu. Chawa wa mjini anaiita mpya. Nani mkweli hapo?

NUSU SEKUNDE KWA MILIONI 18

Kwa ambao hawazijui hizi gari: GTI siyo Golf ya kawaida. Ilianza kuuzwa 1976 kule Ujerumani, na wazo lake ni rahisi tu. Unachukua gari ndogo ya familia, ya mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, unaipa injini yenye hasira. Kwa nje ni ya kupeleka watoto shule. Ukikanyaga mafuta inakukumbusha kwamba siyo. Ndiyo maana vijana wanazipenda, na wana haki. Ni gari tamu.

Sasa weka hizi mbili pembeni kwa pembeni. Ya MC, kizazi cha 5, ina injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 200. Ya dalali, kizazi cha 7, ni lita 2 yenye turbo, farasi 220. Ya MC inatoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa kwa kama sekunde 7. Ya dalali sekunde 6 na nusu.

Nusu sekunde. Milioni 18 kwa nusu sekunde.

Na hiyo nusu sekunde ataitumia wapi? Barabara ya Bagamoyo saa 11 jioni? Au njia ya Chalinze, ambako kwenye makazi kibao kinasema 50 na trafiki kakaa chini ya mwembe na tochi yake? Kosa moja elfu 30, na tochi haiulizi kama gari yako ni namba C au E. Bado hujakutana na matuta. Gari imekaa chini, tairi bapa za inchi 17 au 18, na tuta la mtaa wa Goba halijui kwamba una farasi 220. Linakugongea bampa la mbele na hela ya bampa unatoa mwenyewe.

Kuna wanaosema mpya inakula mafuta kidogo. Kweli, injini ya kizazi cha 7 ina nidhamu zaidi. Tuipe heshima yake, tuseme inaokoa lita 2 kwa kila kilomita 100. MC akitembea kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa lita 20. Tukadirie lita moja shilingi 3,000, hiyo ni elfu 60 kwa mwezi, laki 7 na 20 elfu kwa mwaka. Kurudisha milioni 18 kwa njia hiyo anahitaji miaka 25. Atakuwa ana wajukuu, na wajukuu watakuwa wanacheka gari ya babu.

Wengine wanasema usalama. Hilo ndilo la kuheshimu kuliko yote. Golf ya kizazi cha 5 ilipata nyota 5 kwenye majaribio ya Euro NCAP mwaka 2004, na ya kizazi cha 7 ikapata nyota 5 mwaka 2012, wakati majaribio yameshakuwa makali zaidi. Kwa hiyo mpya ni salama zaidi, hakuna ubishi. Ila usalama wa kwanza wa MC anayerudi nyumbani saa 9 usiku ni tairi nzima, breki nzima na usingizi. Hivyo vyote havihitaji namba E.

BEI YA GARI INASHUKA, SPEA HAZISHUKI

Hapa ndipo watu wanapopigwa, na ndipo pa kusoma taratibu.

Gari ya kasi ikizeeka, bei yake inaanguka. GTI iliyokuwa ndoto ya meneja wa benki leo inapatikana kwa bei ya IST nzuri. Kijana anaona bei, anasema "hii naiweza". Anasahau kitu kimoja: gari imeshuka bei, lakini spea zake hazijashuka. Giaboksi haijui kwamba umeinunua rahisi. Inadai kama ilivyokuwa inadai kwa yule meneja wa benki.

Hiyo giaboksi yenyewe inaitwa DSG. Ni ya gia 6, ina klachi mbili zinazooga kwenye oili, na inabadili gia kabla hujafumba jicho. Oili yake na filta vinatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Siyo oili ya giaboksi yoyote ya dukani, ni oili yake maalumu. Wangapi mjini wanafanya hivyo? Gari inakuja na kilomita 90,000, mwenye nayo anaongeza 40,000, oili haijawahi kuguswa. Gia zikianza kugonga anaambiwa "ni kawaida ya Golf". Siyo kawaida. Ni deni.

Na jambo ambalo dalali hakulisema: GTI ya 2014 inabeba DSG ya gia 6 ya familia ileile na hii ya 2006. Kwa hiyo MC hakimbii tatizo. Analinunua tena, kwa milioni 18, bila kujua waliomtangulia walilitunza vipi. Kwenye ile ya kwake anajua. Kila oili iliyoingia aliilipia yeye.

Tusidanganyane pia kwamba ya zamani ni malaika. Injini ya kizazi cha 5 ina kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kemushafti na pampu ya mafuta yenye presha. Kinalika taratibu. Usipokikagua kinatoboka, na kikitoboka kinaondoka na pampu, wakati mwingine na kemushafti. Kuna mkanda wa taimingi ambao ukikatika njiani injini inakufa. Kuna koili zinazochoka gari ikaanza kukohoa. Hayo yote yanajulikana, na ndiyo uzuri wake: ni magonjwa yenye jina na dawa.

Ya kizazi cha 6, iliyo katikati ya hizi mbili, ilitumia mnyororo badala ya mkanda, na kikaza mnyororo cha matoleo ya mwanzo kimeua injini za watu dunia nzima. Ya kizazi cha 7 imetulia zaidi, lakini nyumba ya wota pampu na thamostati inajulikana kwa kuvuja maji. Kwenye joto la Dar na foleni ya Mwenge, maji yakipungua bila wewe kujua, kinachofuata ni injini kuchemka. Kila kizazi kina msiba wake. Hakuna upya unaofuta hilo.

Fundi wa MC, mzee wa Gerezani aliyeishika hiyo gari miaka yote, kampigia hesabu. Mkanda wa taimingi na wota pampu, kile kikombe, oili na filta ya DSG, plagi na koili, shokapu nne, bushi za mbele, tairi mpya, na viti kushonwa upya: milioni 4, na gari inarudi kama imetoka jana. Anabakiwa na milioni 4 mkononi. Muziki haujauzwa. Deni hakuna.

Milioni 4 na usingizi, au milioni 18 na mashaka. Hii kweli ni ya kuitisha kikao?

MUZIKI NDIYO UNAOMLISHA

Sasa tuje kwenye kidonda.

Ule muziki anaotaka kuuza ndiyo unaolipa mafuta ya gari yenyewe. Kila shughuli anayokwenda na vyombo vyake, akishalipa kirikuu ya kubebea na vijana wawili wanaopanga na kupangua, anabakiwa na laki 4 juu ya hela yake ya kuongea. Kwa mwezi wa shughuli 4, hiyo ni milioni 1 na laki 6. Akiuza vyombo kwa milioni 10, ndani ya miezi 7 atakuwa ameshapoteza zaidi ya alichopata. Mwezi wa 8 anaanza kulia.

Na wale vijana wawili? Hakuna klipu yao mtandaoni. Hakuna aliyewauliza. Mmoja analipa kodi ya chumba Manzese kwa kubeba spika. Mwingine ndiyo kwanza amejifunza mikisa, mwaka jana alikuwa hajui waya upi unaingia wapi. MC akibadilisha gari, hao wawili wanarudi kijiweni. Herufi moja kwenye bati, ajira mbili chini.

Halafu kuna msimu. Anayefanya kazi za shughuli anajua: Kwaresima ikiingia, harusi za Wakristo zinalala. Ramadhani ikiingia, na za Waislamu zinalala. Kuna miaka vipindi hivyo vinagongana na MC mzima anakaa wiki kadhaa akiangalia simu. Muziki wake angalau unaweza kukodishwa kwenye mkutano, semina au mahafali. GTI itakodishwa na nani? Bima itadai, tairi zitadai, DSG itadai. Watu wote wakifunga, gari haifungi.

Watatokea wajanja waseme: "Asiuze muziki, akope kwa kadi ya gari." Hao ndiyo wabaya zaidi. Ukikopa kwa kadi, gari unaendesha wewe lakini mwenyewe ni mwingine. Riba inahesabiwa kila mwezi, shughuli ziwepo zisiwepo. Ukiteleza, gari inalala yadi ya mkopeshaji, na hapo ndiyo utarekodiwa klipu nyingine, safari hii ukitoka ukumbini kwa bodaboda.

"LAKINI MC NI MUONEKANO"

Hii ndiyo hoja yao kubwa, tuijibu bila kukwepa. Wanasema kazi ya MC ni picha. Kamati ikimuona na gari mbovu inashusha bei.

Ni kweli kazi ya jukwaani ina muonekano. Lakini kamati inamchagua MC vipi? Mtu anatuma video kwenye kundi la WhatsApp: MC anaingiza maharusi, ukumbi umelipuka, shangazi wa bibi harusi kavua viatu. Wanaangalia sauti, utani usiovuka mpaka, suti, na kama vyombo havipigi miluzi. Gari yake iko nje gizani, imebanwa na Noah ya wapishi. Hakuna mama wa kamati aliyewahi kutoka nje kusoma namba ya gari ya MC kabla ya kulipa malipo ya awali.

Na kama ipo kamati inayopanga bei kwa kuangalia gari, basi MC aanze kutaja bei yake kwa sauti. Mtu aliyejaza kalenda yake kwa miaka yote hii akiwa na namba C hahitaji namba E kumsemea.

Ukweli ni kwamba muonekano huu hautakiwi na wateja. Unatakiwa na machawa. Chawa hana leseni, hana bima, hajawahi kununua hata plagi. Yeye anataka kukaa kiti cha mbele, arekodi dashibodi usiku, aweke stetasi: "Na boss wangu." Gari ikiharibika, chawa anahamia kwenye gari ya boss mwingine. Na dalali anayesema "kaka hii usiiache" anaweza kuwa amepakia cha juu chake humo ndani ya milioni 29. Muulize bei ya mwenye mali uone anavyobadilisha mada.

Mjini tunamjua dada mmoja wa filamu aliyepita njia hii. Alitoka kwenye kigari chake kisicho na makuu, akachukua GTI ya kizazi kipya, akapiga picha akiwa amelala juu ya boneti. Miezi mitano baadaye taa ya giaboksi ikawaka. Gari imepaki gereji Mikocheni, ina vumbi la kuandikia jina, na yeye anapanda magari ya kuita kwa simu huku akisema gari "iko safari". Picha ya boneti bado ipo kwenye ukurasa wake. Waliosema "hongera mama" hakuna hata mmoja aliyechangia spea.

NANI ANARUHUSIWA KUPANDA NGAZI

Hakuna anayesema kijana asibadilishe gari. Kupenda gari siyo dhambi, na GTI ya kizazi cha 7 ni bora kuliko ya 5 karibu kila mahali. Ila ngazi ina masharti.

Kwanza, hela ya kununua isiwe hela yote. Ukishalipa gari, ubaki na akiba ya kuitengeneza kana kwamba itaharibika wiki ijayo, maana inaweza. Kama huna akiba hiyo, gari huijaiweza.

Pili, usiuze kinachokuingizia ili ununue kinachokutoa. Mshona nguo hauzi cherehani anunue gauni.

Tatu, kagua kama mtu mwenye uchungu na hela yake. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, na ukikuta imeshawashwa jiulize kwa nini. Pima kwa kompyuta, soma makosa yote yaliyohifadhiwa. Angalia maji ya rejeta leo, rudi uangalie baada ya kuiendesha. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Ukiona daraja ni R, jua hiyo iliwahi kuumia ikatengenezwa. Omba ushahidi wa oili ya DSG. Akikwambia "hizi hazibadilishwi oili", mshukuru, ondoka.

Nne, badilisha kwa sababu ya gari yako, siyo kwa sababu ya klipu. Kama chesisi imepinda, kama injini imekufa, kama familia imeongezeka, hiyo ni sababu. Sekunde 11 za mtu asiye na kazi siyo sababu.

MC hana hata moja kati ya hizo. Gari yake inawaka kila asubuhi. Fundi wake anaijua kwa mlio. Vijana wake wanakula. Anachokosa ni herufi.

Basi apeleke hiyo gari Gerezani, atoe milioni 4, aitoe ikiwa inang'aa, na Jumamosi aende ukumbini na muziki wake mwenyewe. Na aliyemrekodi arekodi tena. Safari hii aanzie mlangoni, wakati spika zinashushwa, ili watu waone mali iko wapi.

Wewe ungekuwa yeye, ungeuza muziki? Jibu kwa hesabu, siyo kwa mbwembwe.